Vipande Saba vya Mkufu

Najaa Zahran, karibu na Qus
3 Machi 1949

Dada Inshirah,

Amezaliwa. Ni mvulana, ana siku tisa. Nakuambia kwa sauti ndogo hata kwenye karatasi, kwa hiyo usiisome barua hii mbele ya wanawake wa karakanani, wala usimwambie mtu kwamba ni mzima na ananyonya vizuri. Akiuliza mtu, sema Nabawia kazaa kitu fulani, hatujui kama kitakaa.

Tunamwita Shahata, yaani ombaomba. Mama mkwe, Hajat Tafida, ndiye aliyechagua. Anasema hakuna anayemwonea kijicho ombaomba. Tumempaka masizi usoni na kumvalisha gauni la msichana, na mume wangu Gabir akirudi shambani anamtazama kwa pembe ya jicho tu, halafu anasema, "Hiki kinyago bado kipo?" Kisha anakwenda kulia zizini. Anadhani sijui.

Dada, hao watatu wa kwanza nilikuwa nimewapenda waziwazi. Wawili hawakufika arobaini na wa tatu alifika miezi mitano, alishaanza kucheka. Huyu sitaki kumpoteza. Nikimpoteza huyu, Hajat Tafida atamwozesha mwanawe mke mwingine, ameshalisema hilo mbele yangu huku akikanda unga. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima ni kwamba namsikiliza akipumua, na akinyamaza kidogo naweka kiganja mbele ya pua yake.

Mkunga ametuambia la kufanya. Avalishwe bangili siku ya arobaini, ya vipande saba vya mkufu wa fedha vilivyobaki, kutoka nyumba saba, kwa mama saba ambao hawajawahi kuzika mtoto. Viombwe, visinunuliwe, na aliyetoa asishukuriwe. Viunganishwe na mwanamke wa damu ya mama. Isiwe na kishikizo cha kufungua, na isitoke mkononi mpaka mtoto aachishwe ziwa. Ikitoka kabla, mkunga hakusema kitatokea nini.

Nani mwingine nimwombe? Wewe ndiye unayekaa na masonara, mabaki ya mikufu yanapita mikononi mwako kila siku, na Kairo imejaa nyumba. Nimefunga humu uzi wa kipimo cha mkono wake. Fundo ndipo unapoishia.

Kumbuka kwamba barua zako zinafika dukani, na shemeji yangu Fawzi anazisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe kabla mimi sijazishika. Andika yanayofaa kusikiwa. Zangu nazitia gundi mwenyewe.

Mdogo wako,
Nabawia


Kairo, mtaa wa masonara
27 Machi 1949

Mdogo wangu Nabawia, na salamu kwa Hajat Tafida na kila anayesikiliza,

Kazi imekwisha. Bangili imo ndani ya kitambaa hiki cha bluu.

Ni vipande saba. Kipande cha kwanza ni cha punje za ngano, cha pili kimesukwa kama kamba, cha tatu ni vipete bapa, cha nne ni vipete virefu na vifupi kwa zamu. Vitatu vya mwisho ni mviringo wa kawaida, wembamba. Nimevipanga kwa unene ili visimkwaruze. Nimeunganisha kwa lehemu ya fedha, nikapitisha tupa, nikasugua kwa majivu na ndimu. Maalim Wahba, tajiri wangu, aliitazama akasema kwamba kwa mabaki ni kazi safi. Huyo husema neno zuri mara moja kwa mwaka, na mwaka huu amelimalizia hapo.

Uzi wako niliupima mara tatu. Bangili imezidi uzi kwa upana wa kidole kimoja. Ningependa izidi zaidi, lakini vipande ni saba na saba vimeishia hapo. Kipete cha mwisho nimekiacha wazi. Mvalishe, Gabir akibane kwa koleo, taratibu, mtoto akiwa amelala.

Nyumba zote saba zimepatikana. Usiniulize majina, si vizuri kuyataja.

Mle vizuri. Nimesikia huko sukari ni ya shida, nimetia robo kwenye kifurushi.

Dada yako,
Inshirah


Najaa Zahran
18 Aprili 1949

Dada,

Amevalishwa. Arobaini imepita naye yuko hai, nimeandika neno hilo na nimegonga mbao mara tatu.

Mama mkwe alikaa na bangili yako mlangoni penye mwanga akahesabu kwa kidole, punje za ngano, kamba, bapa, virefu na vifupi, mviringo, mviringo, mviringo. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, usije ukawa umemwibia kipande. Kisha akasema, "Dada yako ana mkono." Sifa hiyo tangu niolewe sijamsikia akimpa mtu yeyote wa kwetu. Kabla ya hapo alikuwa akikutaja kwa jina moja tu, yule mjane wa Kairo asiye na mtoto.

Gabir alipobana kipete alishika koleo kwa mikono miwili mpaka nikamwambia, "Wewe unafunga nyati au unafunga mtoto?" Akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu uchungu uliponishika.

Sikushukuru, maana ni mwiko. Lakini ujue nimeuma ulimi. Na usiku ule nililala, dada. Nililala mpaka jua likanikuta, nikaamka nikidhani nimekufa.

Nawaza wale mama saba. Sijui sura zao. Kila nikimwogesha Shahata nashika kipande kimoja kimoja nasema, huyu hajazika, huyu hajazika, huyu hajazika. Nasikia kama wamekaa naye saba, wameweka migongo yao mlangoni.

Nabawia


Kairo
30 Juni 1949

Mdogo wangu, na salamu kwa wote wanaosikiliza,

Hapa joto limeingia karakanani hata koleo halishikiki bila kitambaa. Tunafanya kazi asubuhi tu.

Nataka uniambie kitu kuhusu bangili. Ingiza ncha ya kidole chako kidogo kati ya fedha na ngozi, upande wa ndani wa kifundo. Je, kinapita? Je, bangili inazunguka ukiisukuma? Mtoto hunenepa kwanza mkononi, na sisi mafundi tunasahau kwa sababu fedha hainenepi. Niandikie mapema.

Kama haizunguki, wala msione vibaya kuipeleka kwa fundi yeyote wa Qus aongeze kipande. Ni jambo la dakika chache.

Mpe Hajat salamu za pekee.

Inshirah


Najaa Zahran
25 Agosti 1949

Dada,

Usikasirike kwa kuchelewa kwangu. Nilikuwa nimekaa na kifo uso kwa uso, sikuwa na mkono wa kuandika.

Mwanzo wa Agosti kuhara kuliingia kijijini pamoja na maji ya mto. Kulianza kwa binti wa jirani yetu Sabah, yule wa mashavu, niliyekuwa nakuambia anaita kuku kwa majina. Siku tatu tu akazikwa. Wiki hiyohiyo wakafuata wengine wawili wa upande wa kisimani. Kisha akashikwa Shahata. Macho yakazama, ngozi ya tumbo nikiivuta inabaki imesimama. Gabir akaanza kukaa nje, hakutaka kuingia ndani. Mimi nilimshika mkono wa bangili siku nne sikuuachia. Nilipokwenda chooni nilimshikisha mama mkwe.

Siku ya tano akanyonya. Leo anapiga kelele, anataka kung'ata kila kitu.

Sabah alikuja kumtazama. Hakuingia, alisimama kizingitini akasema, "Wangu hakuwa na bangili." Sasa wanawake watatu wa hapa wanataka nikuandikie uwatengenezee. Nimewaambia dada yangu ana kazi nyingi. Nilikuwa na uchoyo, naogopa ulinzi ukigawanywa utapungua.

Umeniuliza kidole. Kidole hakipiti. Usinune. Amenenepa tena haraka baada ya ugonjwa, na fedha imeingia kwenye mkunjo wa mkono, kama uzi unavyoingia kwenye unga uliokandwa. Haizunguki. Mama mkwe anasema nyama imeikumbatia bangili na hiyo ni dalili njema. Fawzi alipokuwa anasoma habari ya fundi wa Qus, mama mkwe alimpokonya barua mkononi. "Mwanamke anayetaka kuongeza kipande cha nane hajui alichotengeneza," alisema. Na mimi, dada, baada ya Agosti hii, naona ana haki.

Nabawia


Kairo
10 Septemba 1949

Mdogo wangu, na salamu kwa Hajat Tafida, kwa Gabir, na kwa wote wanaosikiliza,

Sina raha na jambo moja nalo ni kosa langu la ufundi, kwa hiyo nalisema mbele ya wote. Lehemu niliyotumia mwezi wa Machi imegundulika kuwa mbaya. Ilichanganywa na kitu kichafu na wateja wawili wa Maalim Wahba wamerudisha vitu vyao, ngozi zimewawasha. Naomba bangili ikatwe na nirudishiwe mara moja. Nitaisafisha, nitaweka lehemu mpya, itarudi kwenu baada ya wiki mbili. Ni vipande vilevile, kwa hiyo hakuna kilichovunjika katika masharti.

Hajat, wewe ni mtu wa kupima mambo. Mwambie Gabir achukue koleo na akate kipete kimoja chembamba upande wa juu wa mkono. Asiogope, fedha ile ni laini.

Nabawia, angalia kucha zake. Zikiwa za bluu usingoje posta.

Inshirah


Najaa Zahran
8 Oktoba 1949

Inshirah,

Nakuandikia nikiwa juu ya dari penye nyasi, maana chini siwezi kuandika bila kuulizwa naandika nini.

Barua yako imeleta balaa. Fawzi alipomaliza kuisoma mama mkwe aliendelea kuchambua dengu. Kisha akasema taratibu, "Juni alitaka iongezwe. Septemba anataka ikatwe. Mwakani atataka nini, tumpelekee mtoto mwenyewe?" Nikamwambia ni lehemu mbaya, dada yangu ni fundi, anajua. Akasema, "Lehemu iliyomvusha mtoto Agosti si mbaya. Ubaya uko kwa anayeuma kidole akiona mwenzake kavuka." Gabir alikuwapo. Akatoka.

Nimekutetea siku tatu. Ya nne nikaanza kuwaza mwenyewe, na mawazo yakija huwezi kuyafungia mlango. Ulizaa mara moja ukiwa na umri wangu, akatoka bila pumzi, na hukupata tena. Hukuwahi kulia mbele yangu. Nilipokuandikia kwamba ana masizi usoni na ni mzima, ulituma sukari robo, hukuandika hata neno moja la furaha. Nakuuliza kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza, na ukikasirika basi. Je, umemtazama mwanangu kwa jicho? Hata bila kutaka. Wapo wasiotaka, na linatoka tu.

Mkono wake wa kushoto umevimba. Vidole ni vya baridi hata nikivitia kwapani mwangu. Ngozi imepanda juu ya fedha sehemu moja na panatoka maji. Akilala juu yake anapiga yowe. Mkunga amepaka siagi na kitunguu. Anasema ni ulinzi unapigana na kitu, na ukiukata katikati ya pigano, kile kitu kitashinda.

Nikiikata namuua. Nikiiacha sijui. Niambie ukweli wowote ulio nao.

Nabawia


Kairo
19 Oktoba 1949
Kwa mkono wa Bishara, mlinzi wa gari la mizigo. Mkononi mwa Nabawia tu, siku ya soko, si dukani.

Nabawia,

Ukiisoma karatasi hii uwe umekaa, na uwe peke yako. Kabla hujafika mstari wa tatu, chukua koleo ukate bangili. Ukate halafu uendelee kusoma.

Hakuna nyumba saba.

Nilipopata uzi wako niliacha kazi nikaanza kutembea. Nilianza na wanawake ninaowajua miaka kumi, ninaokula nao mkate mchana. Nilibisha nikasema, nipe kipande cha mkufu, wewe ambaye hujawahi kuzika. Mwanamke wa kwanza alicheka, kisha akasema yeye alizika mapacha. Sikuwa najua. Wa pili alizika wa kwanza wake. Wa tatu aliniambia niondoke mlangoni kwake, na mumewe akanieleza sababu ngazini. Mke wa Maalim Wahba, mwenye wana watano wakubwa kama milango, amezika wengine watatu kabla yao. Nilikwenda nyumba ishirini na sita, Nabawia. Nilipanda mpaka mtaa wa Darb al-Ahmar. Kila mlango ulikuwa na kaburi ndani yake, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuyafukua, na karibu wote walinipa chai.

Nilipata wawili. Mmoja ni bibi-arusi mwenye mtoto wa miezi mitatu. Mwingine ni Umm Ratib, muuza vifungo. Mwezi wa Juni dada yake alinong'ona kwamba Umm Ratib naye alizika msichana huko kwao Delta, ila aliona haya kusema. Ndipo nilipokuandikia uniambie kama kidole kinapita. Kwa hiyo amebaki bibi-arusi, na huyo ana mtoto wa miezi michache. Ni nani anayejua ya kesho yake?

Vitano vingine nimevitoa kwenye kopo la samli karakanani. Ndimo Maalim Wahba anamotupa ncha za mikufu zisizofika shingo ya mtu. Sisi wanawake wa kazini tunaziunga kuwa bangili za bei rahisi, zinauzwa sokoni kwa wasichana wa shule. Bangili ya mwanao ni dada ya bangili hizo. Nimezitengeneza mamia. Hazijamlinda mtu wala kumdhuru mtu.

Na sasa sikia lililo baya zaidi, maana la kwanza ningeweza kulibeba. Nilipopima nikaona ni fupi. Kopo lilikuwa mbele yangu limejaa, ningeongeza kipande cha nane na cha tisa, mtoto angeivaa mpaka aanze kutembea. Sikuongeza. Nilikuwa nimedanganya nyumba, nikaogopa kudanganya hesabu. Nilijiambia kwamba angalau saba iwe saba. Hofu ya kijinga ya mtu mwenye elimu ya koleo. Mkono wa mwanao umevimba kwa sababu ya kipande kimoja nilichokiogopa.

Habari ya lehemu ilikuwa uongo pia. Nilikuwa natafuta njia ya kukufanya uikate bila kukunyang'anya wale mama saba uliosema wanaweka migongo mlangoni. Niliisoma barua ile ya Aprili mara nyingi. Nikaona kwamba nikikuambia, usingizi ule utakutoka, na kwamba maziwa yatakukauka, na mtoto akipatwa na lolote utasema ni mimi. Kisha Agosti ikaja akapona, na mimi hapa nikafurahi kwa siku moja nikajiambia, huenda inafanya kazi hata ya uongo. Mimi, ninayejua kopo lenyewe.

Umeniuliza kama nimemtazama kwa jicho. Nilitaka sana azaliwe. Sikuandika furaha kwa sababu uliniambia nisiseme. Hilo tu ndilo jibu nililonalo.

Ikate bangili mkono uwe huru, uoshe kwa maji yaliyochemka yenye chumvi, na umpeleke kwa daktari wa Qus hata kama itabidi utembee. Ningekuja na gari hili la Bishara mwenyewe. Lakini wakiniona mlangoni sasa, wewe ndiye utakayefungiwa ndani pamoja na mtoto, na koleo halitapita.

Inshirah


Najaa Zahran
6 Novemba 1949

Inshirah,

Bishara alinipa karatasi yako Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, nyuma ya wauza mbuzi. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Koleo sikulihitaji. Bangili ilikuwa imetoka siku sita kabla.

Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala. Wanaume walikuwa msikitini na mama mkwe alikwenda kumtembelea Sabah. Shahata alikuwa hajalia tangu asubuhi, na hilo ndilo lililonitisha. Kucha zilikuwa rangi ya biringani. Nikatafuta koleo la Gabir sikuliona. Naamini mama mkwe alilificha. Kwenda kuomba kwa fundi wa bati ni sawa na kupiga ngoma kijiji kizima. Nikauweka mkono wa mwanangu mdomoni mwangu nikatafuta fedha kwa ulimi. Ilikuwa imezama, nikaipata upande wa juu, kwenye ule mviringo mwembamba, nikauma. Nikauma mpaka jino langu la mbele likavunjika kona, nikahamia upande mwingine nikauma tena. Ulikatika. Nikaivuta kama mwiba, na ngozi ikaja nayo.

Unajua nilichokuwa naamini wakati ule? Niliamini nyumba zako zote saba. Niliamini nawang'oa wale mama mmoja mmoja kutoka mlangoni. Nilijua namuua, nikasema bora afe akiwa na mkono wake.

Halafu nikakaa kungoja afe. Siku sita, dada. Nilimfunga mkono kwa kitambaa nikawaambia ni dawa ya mkunga, bangili iko chini yake. Nilipika, nikaoka mikate, nikapeleka maji kwa nyati wetu wa maziwa, na kila niliporudi chumbani nilisimama nje ya pazia nikihesabu mpaka kumi kabla sijaingia. Gabir aliniuliza mbona nimekuwa na rangi ya karatasi. Siku ya nne mtoto alishika pua yangu kwa mkono wa kushoto, nikadhani ananiaga.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba ni vipande vya kopo, sikushukuru Mungu kwanza. Nilitaka niwe na mikono mirefu ya kufika Kairo. Ungesema Juni. Hata Agosti ungesema. Vidole viwili vya mwisho bado havifungi. Daktari wa Qus, niliyempelekea mtoto kwa siri, anasema huenda vitafunga na huenda havitafunga, na alinitukana kwa dakika nzima, nikamwacha, maana ilikuwa zamu yangu ya kutukanwa.

Nisamehe neno la jicho. Mimi lako sijalisamehe bado. Nitakuambia msamaha ukifika.

Lakini nakueleza linalonitisha sasa, kwa sababu sina wa kumweleza. Agosti alikuwa mtupu. Alikuwa na kuhara, na mtoto wa Sabah akafa na wangu hakufa, na hakukuwa na kitu chochote mkononi mwake. Basi ni nani aliyemshika? Na kwa nini wangu? Zamani nilikuwa najua cha kuogopa, nilikuwa naogopa isije ikakatika. Sasa naogopa maji, nzi, upepo, na wageni, na hata Gabir akichelewa. Naamka kumsikiliza kama siku zile tisa za kwanza. Ninaye mtoto mzima, mnene, mwenye kelele, nami naona kama amesimama ukingoni mwa dari na hakuna ukuta.

Na mama mkwe anataka kitambaa kitoke. Amesema Ijumaa ya wiki ijayo. Anataka kuhesabu.

Nimeirudisha bangili humu ndani. Kipete kimoja kimepondwa na jino, utakiona. Nitengenezee nyingine kama hii hii, punje za ngano, kamba, bapa, virefu na vifupi, mviringo mara tatu, kila kipande kiwe kirefu kuliko mwanzo. Iwe kubwa mpaka afike umri wa kwenda kwa mwalimu wa Kurani, iweze kupita kiganjani, niivue na kumvalisha nitakavyo. Mpe Bishara, si posta. Nitawaambia mkono umepona ndiyo maana inalegea. Fawzi nitamdanganya mwenyewe, nimekuwa hodari.

Na uunge taratibu, kwa mkono wako. Ukiimaliza, usiniambie vipande umevitoa wapi.

Nabawia